Midomo Nyuma ya Barakoa

Nekoye alikuwa hasikii tangu utotoni. Homa ya uti wa mgongo ilimkuta akiwa darasa la tatu huko Sirisia, Bungoma, ikamlaza hospitalini, na alipopata nafuu dunia ilikuwa imenyamaza kimya kama redio iliyoishiwa betri. Maneno aliyokuwa nayo hayakumtoka. Aliendelea kuongea kwa sauti nzito isiyojua kupanda wala kushuka, na akajifunza kusoma midomo ya watu. L na R zilimchanganya, lakini hilo halikumtia aibu. Kwao Bungoma hata wenye masikio mazuri huzibadilishana.

Ukubwani alipata kazi Kitale, kwenye duka la ushonaji la Mama Kui, akishona sare za shule. Cherehani yake ilikaa ubavuni mwa ile ya Jepkorir, msichana wa kutoka miteremko ya Mlima Elgon ambaye midomo yake haikujua kupumzika. Jepkorir ndiye aliyekuwa redio yake. Nyuma kabisa, kwenye meza ya kukatia vitambaa, alisimama Mzee Gathii, mtu mkimya mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwa amezungumza na Nekoye zaidi ya kumwamkia.

Kisha korona ikaja. Shule zikafungwa, sare zikakosa wa kuzinunua, na Mama Kui akageuza duka zima liwe la kushona barakoa. Kila mfanyakazi akaamriwa kuvaa yake. Basi Nekoye akawa anashona kutwa kile kitambaa kilichomtenga na watu. Wateja waliingia wakisema naye kwa macho matupu. Wenzake walipocheka aliona mabega tu yakitikisika, asijue kama ni yeye anayechekwa. Siku moja Mama Kui aliagiza barakoa za watoto, Nekoye akashona furushi zima la barakoa za watu wazima. Mama Kui akaja juu, na Nekoye hakuambulia hata neno moja la ugomvi ule. Aliona nyusi tu.

Jepkorir alimkuta kwenye mfereji wa nyuma akiosha uso uliokuwa haujachafuka. Akarudi hatua chache, akashusha barakoa.

"Ni nini, Nekoye?"

"Wewe ndiwe mtu wa kwanza kuongea na mimi wiki hii."

Jepkorir akapandisha barakoa yake. Aliingia ndani moja kwa moja hadi kwa Mama Kui, na kesho yake Mama Kui akaja na ngao za uso, zile plastiki angavu zinazofungwa kwenye paji na kuteremka hadi kidevuni. Pale dukani wakaziita vioo, wakazivaa badala ya barakoa.

"Si hii ni afadhali?" Mama Kui akasema. "Hata macho inafunika. Barakoa haifuniki macho."

Mzee Gathii alijaribu chake, akapitisha mkono chini ya kidevu mpaka vidole vikamgusa pua. "Na huku chini, Mama Kui?"

"Mzee, hata hiyo barakoa ulikuwa unaivaa shingoni, bana!"

Wote wakacheka, na Nekoye akacheka nao, kwa kuwa maneno yote mawili aliyaona. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Jepkorir akamlipa umbea wote uliokuwa umelala: nani ameoa, nani amehama nyumba usiku kukwepa kodi. Hata wateja wakaanza tena kumwita kwa jina.

Siku chache baadaye Nekoye alikuwa anapiga pasi mikunjo ya barakoa juu ya kitambaa chenye maji. Mvuke ukapanda, ukaingia chini ya kioo, ukamlowesha mashavu na kupofusha plastiki kwa ndani. Alikivua akifute, mkono ukakwama hewani. Kama mvuke umepita, pumzi itashindwaje kupita? Akageuka kumtazama Jepkorir, aliyekuwa anasimulia jambo kwa mikono na midomo, na pale nyuma Mzee Gathii ameinamia mkasi. Nekoye akafuta kioo chake, akakirudisha usoni. Hakumwambia mtu.

Mzee Gathii alianza kwa kukohoa. Nekoye aliuona mgongo wake ukishtuka mara kwa mara mezani. Baadaye hakufika kazini, na habari zilizofuata zikawa kwamba yuko hospitalini, anapumua kwa mtungi wa oksijeni.

Duka likafungwa. Akaja afisa wa afya wa kike, barakoa usoni na kioo juu yake, akasema nao kwa muda mrefu pale mlangoni. Alipomaliza, Jepkorir alivuka hadi ng'ambo ya barabara, akashusha barakoa aliyopewa, akamtafsiria rafiki yake neno kwa neno.

"Anasema kioo si kibaya. Mtu akikupigia chafya usoni, kinazuia matone, na macho yanakingwa. Lakini pumzi ni kama moshi, inazunguka inaingia chini na kando. Barakoa ndiyo ya kwanza, na ikae juu ya pua. Kioo ni cha kuongezea, si cha kuchukua nafasi yake. Na sisi sote twende tukae ndani, tusiguse watu."

Nekoye alijifungia chumbani kwake mpaka siku alizoagizwa zikaisha. Hakuugua. Hilo lilimuumiza kuliko kama angeugua. Kisha akafunga nguo zake akaenda Bungoma kwa shangazi yake Nabwile, aliyeuza mboga sokoni, akaanza kumsaidia kufunga mafungu ya sukumawiki. Jepkorir alimtumia ujumbe mara nyingi. Aliusoma wote. Hakujibu hata mmoja.

Asubuhi moja shangazi alimgusa bega, akaelekeza kidole upande wa reli iliyopita kando ya soko. Ng'ambo ya vyuma alisimama Jepkorir, mkoba begani. Nekoye alipokaribia, Jepkorir aliinua mkono kumzuia asivuke, akashusha barakoa.

"Mulembe," alimwamkia kwa Kibukusu kibovu, lugha ya kwao Nekoye.

"Umefuata nini huku?"

"Nimefuata wewe. Mzee ametoka hospitali. Amekonda, lakini anatembea."

Nekoye alikaa chini kwenye kokoto za reli. Machozi yalipomtoka hakuyafuta. "Nilijua," alisema, na kwa kuwa hakuwa na namna ya kuipima sauti yake, mwenye bodaboda aliyekuwa akipita aligeuza kichwa. "Nilijua, Jepkorir! Mvuke wa pasi uliingia chini ya kioo, nikajua, nikanyamaza! Nilitaka niwaone mkiongea!"

Jepkorir alingoja amalize. "Mimi nilijua siku ile mzee alipopitisha mkono chini ya kioo," alisema. "Nilijua kabla yako. Lakini ulikuwa umeanza kucheka tena, sasa ningesema nini? Na mzee mwenyewe alikuwa ametoka kwenye mazishi Moi's Bridge, watu wamejaa hema. Hakuna atakayejua ilitoka wapi."

"Hiyo hainiondolei lawama."

"Haikuondolei. Mimi pia hainiondolei. Lakini turudi."

Walirudi wiki hiyo. Mama Kui alikuwa ameamua: barakoa kwa kila mtu, madirisha wazi, na vioo kwa anayewapima wateja nguo, tena juu ya barakoa. Nekoye alijaribu kushona barakoa yenye kipande cha plastiki mdomoni, ila ikajaa ukungu kabla ya saa ya chai. Basi neno fupi wakawa wanamwandikia kwa chaki ya fundi kwenye kitambaa cheusi mezani, na neno refu likatolewa nje barazani, kila mtu upande wake, barakoa ikishushwa kwa anayesema tu. Ilichosha, na Jepkorir alilalamika kwamba umbea ulioandikwa hauna ladha. Lakini aliandika.

Mzee Gathii alipopata nguvu za kuja, alikuta kiti amewekewa barazani. Nekoye alisimama mbali naye, akamweleza yote, la mvuke na la kunyamaza. Mzee alimsikiliza akitazama mikono yake iliyokuwa imebaki mifupa. Kisha akashusha barakoa, akasema polepole, akiumba kila neno.

"Kule hospitalini wote wamejifunika. Barakoa, kioo, mpaka kofia. Na mashine inanguruma, sisikii mtu. Wananigeuza, wananidunga sindano, sijui ni daktari ama ni nani, sijui wanasema napona ama nakufa." Akavuta pumzi. "Siku moja nesi mmoja akasimama nje ya dirisha, akashusha yake, akanionyesha mdomo tu: utaenda nyumbani, mzee. Nikalia kama mtoto. Halafu nikakukumbuka. Nikasema, kumbe huyu msichana ameishi hivi, na mimi miaka yote nampa mgongo."

Nekoye akaketi palepale aliposimama.

"Sikukasirikii," mzee akasema. "Lakini ukiona kitu kama hicho tena, sema. Sema hata kama kitakuumiza."

"Nitasema."

"Haya. Sasa niambie, kwenu Sirisia mnapanda nini?"

Akamwambia: mahindi, maharage, na kahawa kidogo ya baba yake. Mzee akauliza kuhusu kahawa. Aliyajua mengi ya kahawa, na mengine alikosea, na Nekoye akamkosoa, hadi Mama Kui akatokea mlangoni, akawatazama, akarudi ndani bila kumwita mtu kazini.