Betri za Redio

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na vitabu vyangu vyote vimeanzia miguuni pake. Nasema miguu hasa, ile anayokanyagia cherehani. Kabla sijaandika hata mstari mmoja, nilikuwa naenda kwenye chumba chake cha kushonea, nasukuma vitambaa pembeni, nakaa kwenye kigoda na kumsimulia hadithi nzima huku yeye akishona. Mguu ukiendelea kukanyaga, basi hadithi imedoda, narudi nyumbani kuipika upya. Mguu ukisimama, nakwenda kuandika. Wenzangu walikuwa na wahakiki wenye shahada, mimi nilikuwa na mguu wa mdogo wangu, na kila nilipohojiwa niliutaja kwa majivuno.

Hivyo ndivyo alivyopatikana Nukta, msichana mfupi wa kimo na mrefu wa ulimi, ambaye watoto wa shule wamekua naye kitabu baada ya kitabu. Waliomsoma wakiwa na mapengo sasa wana ndevu. Katika kitabu cha kwanza baba yake Nukta anaaga kwamba anakwenda kununua betri za redio, na harudi. Kila shule niliyotembelea watoto waliniuliza jambo hilohilo: atarudi? Niliwajibu kwamba watajua kwenye kitabu cha mwisho, na kwamba sitawadanganya.

Hapo sikuhitaji kubuni sana. Baba yetu sisi ndiye aliyekwenda kununua betri. Mama alikaa na ile redio bubu juu ya kabati, akaifuta vumbi kila wiki, mpaka siku tulipomzika.

Mwaka huu macho yaliniingia ukungu. Daktari akayapasua moja baada ya jingine, akanifunga bandeji na kunikataza kusoma na kuandika kwa miezi kadhaa. Mdogo wangu akanichukua kwake. Alinishika mkono mpaka bafuni, akanichambulia samaki miiba, akanipokelea simu. Mtu akikufanyia hayo unamwachia roho yako bila kuuliza. Nikiwa gizani vile, nikamsimulia kitabu cha mwisho.

Baba anarudi akiwa mzee, anabisha hodi. Nukta, ambaye sasa ni msichana mkubwa, anafungua. Anamsikiliza mpaka amalize maelezo yake yote. Anampa maji, mzee anakunywa. Kisha Nukta anamwambia, "Betri tulishanunua wenyewe," na kufunga mlango taratibu.

Cherehani ilinyamaza hata kabla mzee hajamaliza maji. Nilimsikia mdogo wangu akivuta kamasi. Nikajua nimepata kitabu bora kuliko vyote nilivyowahi kuandika, na nikaanza kuhesabu ni lini daktari atanirudishia kalamu.

Bandeji zilipotoka, shule moja ikanialika. Njiani mdogo wangu alinisihi tuahirishe, eti macho bado mabichi. Nikamwambia aache kunilea. Tulipofika akakaa mstari wa mbele kama kawaida yake, mkoba wangu mapajani.

Mwalimu mkuu alinikaribisha kwa kunipongeza kwa kitabu kipya. Nikadhani amechanganya mambo, walimu wakuu wana mengi. Lakini watoto walipopanga foleni ya kusainiwa, msichana mwenye sweta iliyotoboka kiwiko akanipa kitabu nisichokijua. Kwenye jalada Nukta alikuwa amesimama mlangoni. Juu yake palikuwa na jina langu.

Kwanza nililaumu macho. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Jina lilikuwa palepale. Nikafungua ukurasa wa mwisho, nikasoma: "Nukta alimkumbatia baba yake, wakalia wote wawili, na nyumba ikajaa furaha tena." Mimi sijawahi kuandika kwamba nyumba imejaa furaha, hata nikiwa na homa.

"Bibi," msichana akasema kwa sauti ya chini, "mimi sikupenda alivyomsamehe."

"Kwa nini?"

Akageuka kuona kama wenzake wanasikia. "Baba yangu naye amerudi. Nilisema siongei naye. Sasa mama ananiambia niache kununa, mbona hata Nukta kasamehe."

Mtoto huyu alikuwa na mtu mmoja tu wa upande wake, tena wa kwenye kitabu, na huyo naye amemgeuka kwa jina langu.

"Niachie kitabu hiki," nikamwambia. "Nitakirudisha mimi mwenyewe."

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa ameinamia mkoba wangu, anapekua kama mtu aliyedondosha sindano.

Nikatoka uani nikampigia mhariri wangu, nikamuuliza kitabu kile kimetoka wapi. Huyu ni kijana wa watu, mwaminifu, hata akiondoa koma huniomba radhi.

"Mama, si uliutuma mswada mwenyewe?" akashangaa. "Mdogo wako aliniletea, akasema macho hayaruhusu, umemsimulia naye ameandika. Akasema tuharakishe. Nilipopiga simu kwako akapokea yeye, akaniambia umekubali. Si ndivyo mnavyofanya siku zote?"

"Na ule mwisho hukuushangaa?"

"Niliushangaa kidogo. Nikajiambia labda umri umekulainisha."

Sikuweza hata kumkasirikia. Dunia nzima ilijua hadithi zangu hupitia kwa mdogo wangu, maana mimi mwenyewe ndiye niliyetangaza. Mtu mwingine yeyote angepeleka mswada ule, angefukuzwa mlangoni.

Tukarudi mpaka kwenye chumba chake cha kushonea. Akakaa kwenye cherehani, pengine kwa mazoea, akaingiza kitambaa chini ya sindano na kuanza kukanyaga. Nikakitupa kitabu juu ya meza, kati ya mkasi na chaki.

"Sema."

"Baba alirudi, Dada."

"Baba wa nani?"

"Wetu. Alikuja kwangu, ni muda sasa, nikampangishia chumba kwingine. Alijua wewe usingemfungulia." Alikuwa anaongea na kitambaa. "Alisoma vitabu vyako vyote. Alijijua humo. Alipozidiwa na ugonjwa akawa ananiuliza swali moja tu, Nukta ataishia vipi. Nikamwambia atamsamehe. Akasema, 'Wewe ni mpole, utasema lolote nifurahi. Nataka kuona ameandika yeye.'"

"Ukamwandikia."

"Nilimsomea, akafa amekishika, Dada. Alikufa na amani."

"Amekufa lini?"

Mguu ukazidi kukanyaga. "Ile siku niliyokwambia napeleka sare za hoteli."

Ile siku ninaikumbuka. Alinipikia mapema, akaniwekea redio karibu, akaniambia nisiguse jiko. Nilikaa na bandeji zangu nikasikiliza muziki na kumwombea safari njema, kumbe alikuwa anakwenda kumzika baba yangu. Nilikuwa na maneno ya kumwambia yule mzee. Nimeyabeba tangu nikiwa na miguu isiyofika sakafuni nikikaa. Mdogo wangu akachukua mdomo wangu, akamwambia maneno yake yeye, na mzee akaondoka akiamini nimesema mimi. Nililia kwa hasira, machozi yakachoma macho yenye nyuzi za daktari.

"Ungeniuliza," nikasema.

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Ilikuwa haki yangu kukataa!"

Akatikisa kichwa. Cherehani ilikuwa inaenda bila mpangilio, kitambaa kimeshajikunja na mshono umekwenda kombo, naye haoni.

"Nijibu kitu kimoja," nikamwambia. "Ulipokuwa unamsomea baba mwisho wako huo, wewe mwenyewe ulihisi nini? Mwisho wangu ulikusimamisha mguu. Huo wako je?"

"Haukusimama," akasema.

Kwa hiyo alijua. Fundi anayejua kwamba nguo haimkai mtu, na bado akamvika. Hilo liliniuma kuliko mazishi.

Nikachukua mkasi wake wa kukatia vitambaa, ule asiotaka uguse karatasi kwa sababu unakuwa butu. Akaniona, akaniacha. Nikakata sura ya mwisho ya kitabu cha yule msichana, ukurasa kwa ukurasa, nikazitupa kurasa hizo chini pamoja na vipande vya kitambaa. Nikaomba karatasi. Akanipa zile anazochorea vipimo. Nikageuza upande mweupe, nikakaa kwenye kigoda changu na kuanza kuandika, hodi ya mzee, maji, betri. Mara hii sikusimulia. Hakusikia hata neno.

Nilipofika pale Nukta anaposhika kitasa, cherehani ikanyamaza.

"Dada," akasema. "Na mimi je? Utanisamehe?"

Sikuinua kichwa.

"Subiri kitabu kitoke upya," nikamwambia. "Utasoma."