Shimo la Jikoni kwa Mama Mpoyi

Wewe unayesikiliza, umeshaona shimo lenye prezida, makamu wake na mshauri wa mambo ya kiroho? La Mama Mpoyi, pale mtaa wa Manika, lilikuwa nao wote. Na lilikuwa jikoni mwake.

Mchimbaji wake ni Guelord, mume wa binti yake Tania. Aliona doa la kijani sakafuni, pale maji ya kuoshea sahani yanapomwagikia kila siku, akasema ni shaba. Akatoa mbabula, lile jiko la makaa, akatoa meza, akachimba, akateremka na rafiki zake, waliojigawia vyeo vya kamati. Mama Mpoyi akawa anasonga bukari, ugali wa huko, uani, mwavuli begani, mvua ikimsaidia kuongeza maji.

Neno lake lilikuwa moja tu. Lakini kwa desturi ya Baluba mama mkwe hasemi na mume wa binti yake uso kwa uso, kwa hiyo neno lilipita kwa Tania, na Tania alimpenda mume wake.

"Umwambie nataka jikoni yangu."

Tania akainama shimoni. "Mama anawasalimia. Anasema mutumike kazi muzuri."

Kwenye mita ya nne wakagonga jiwe lenye mistari, myembamba kama kurasa za daftari. Kamati ikapiga makofi. Tata Djafari, mnunuzi wa madini, akaja na mashine yake ya kupimia shaba, akaigusisha kwenye jiwe. Sifuri. Akaligeuza. Sifuri.

"Mashine imechoka," akasema prezida.

Mama Mpoyi hakushangaa. Alikuwa ameosha madini miaka kumi na miwili kwenye mto Musonoi, akaona unavyotua mzigo wake. Maji yakipunguza mwendo, changarawe inalala kwanza, mchanga juu yake, matope laini mwisho. Mvua nyingine inaleta safu nyingine. Ya juu inaikandamiza ya chini, chokaa iliyomo majini inagundisha chembe kama simenti, na baada ya miaka isiyohesabika mchanga umekuwa jiwe. Akatia udongo na maji katika chupa, akatikisa, akaiacha siku tatu. Mistari ikajipanga, ileile ya shimoni. Akampa Tania aipeleke, wajionee.

"Mama ametuma zawadi," akasema Tania.

Wakaibandika karatasi, "Eshantiyo namba moja", yaani sampuli ya kwanza. Mshauri akaiombea.

Siku ya tano tangu wagonge jiwe, Guelord akaamua kwamba mistari inaelekea chumba cha kulala. Wanaume wanne wakashika kitanda, Mama Mpoyi akiwa bado ameketi juu yake.

"Tania, umwambie..." Akamwona binti yake ameshaanza kutabasamu, anatafuta maneno matamu. Kisha akageuza shingo polepole, akamtazama Guelord machoni, mara ya kwanza tangu arusi. Wanaume wakakishusha kitanda.

"Guelord, ile mawe yako ni muchanga ya mutoni, iligandamana mbele babu za babu zetu bazaliwe. Haina kitu ndani. Mufukie shimo. Mi nataka jikoni yangu."