Waya wa Limbu

Limbu alipomuuzia Mayala mtamba wa mkewe Kwandu ili anunue waya wa spika, mke hakulia wala hakufoka.

"Baba Sayi," alisema, "mtamba wangu asiporudi msimu huu, utalala na waya wako."

Waya ulikuja kwa basi kutoka Dar, umelazwa kwenye kitambaa kama pete ya ndoa. Muuzaji aliapa kuwa ukiufunga utasikia hata pumzi ya mwimbaji. Limbu aliufunga, akafumba macho, na haki ya Mungu akaisikia. Kwandu alisikia muziki uleule wa jana.

Limbu na Mayala wote walipiga muziki wa harusi hapo Nkoma. Jumamosi walishindana kama wanavyoshindana wacheza ngoma wa Kisukuma: uwanja mmoja, wanaanza pamoja, anayevuta watu ndiye mshindi. Mshindi angepata harusi zote za msimu, na Limbu angemkomboa mtamba.

Watu wote wakaenda kwa Mayala.

Limbu alishikwa na hasira za kijinga. Akaruka mbele ya spika zake, akawa anaonyesha kila sauti kwa kiungo chake: besi kwa kiuno, gita kwa mabega, pumzi ya mwimbaji kwa mashavu. Watu wakageuka kucheka, wakasogea, wakahamia kwake wote. Hata mama mzazi wa Mayala alihama.

Mayala alikuja akitweta. "Bhabha, huo si waya, ni dawa ya ngoma. Chukua mtamba wako, nipe."

Limbu akainama nyuma ya amplifaya. Palifungwa waya wake wa zamani, wenye kutu. Waya wa Dar ulikuwa kwenye baiskeli ya Kwandu, umefunga dumu la maji.

"Kamba ilikatika asubuhi," alisema Kwandu.

Aibu ilimshika Limbu. "Mayala, ndugu yangu, sikudanganyi. Huu ni waya tu. Hata haukufungwa leo."

Mayala akacheka. "Mganga gani anakubali kutoa dawa yake kirahisi?" Akaufungua mwenyewe kwenye dumu, akaondoka nao mbio.

Mtamba alirudi jioni hiyohiyo. Wiki iliyofuata Mayala alituma salamu: anaisikia pumzi ya mwimbaji, waziwazi kabisa.

Kwandu alicheka mpaka akakaa chini. Limbu alifunga waya wake wa kutu, akafumba macho, akasikiliza wimbo mzima, asiisikie pumzi. Alimwonea Mayala wivu.