Mgongo wa Mabruki

Mabruki, seremala wa Cheyo mjini Tabora, hakuwa mtu wa kutulia. Akikaa anataka kusimama. Akisimama anatafuta pa kwenda. Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa, kazi za milango na madirisha zilimzidi, akazidi kuhangaika.

Ijumaa moja mkewe, Mwanne, alimwona anakwenda msikitini, kanzu inafagia vumbi.

"Baba Zamda, kanzu imerefuka?"

"Fundi Abbasi hajui kushona."

"Aliishona mwaka juzi ikakukaa vizuri. Kanzu haikui, mume wangu."

Mabruki akaondoka amenuna. Siku chache baadaye, akiinua ubao wa mninga, kitu kilimkatika mgongoni kama kijiti kikavu. Akaanguka juu ya maranda, asiweze hata kupiga kelele.

Hospitali walimpiga picha. Daktari Masolwa, kijana wa Ziba, akamwamkia, "Shikamoo mzee," kisha akainua picha dirishani.

"Pingili za uti wa mgongo zimebonyea, ndiyo maana umefupika. Mifupa yako imekuwa kama sega lililokamuliwa asali."

"Hayo si maradhi ya akina bibi?"

"Hata wanaume yanawapata, ila hakuna anayewauliza. Unameza dawa gani?"

Alikuwa akimeza vidonge vya pumu. Aliandikiwa zamani vya wiki moja. Vilipomtuliza kifua, akaendelea kujinunulia dukani mwaka baada ya mwaka.

"Hivyo ndivyo vilivyokula mifupa," alisema daktari. "Lakini usiviache ghafla, utazidiwa. Tutavipunguza kidogo kidogo, nami nitakupa dawa nyingine ya kifua. Utameza vidonge vya madini ya chokaa vya kuimarisha mifupa, utakunywa maziwa, utakula dagaa, utaota jua na kutembea. Mizigo, basi."

Mabruki alilala kitandani akigeuka kila alipoweza, na si kwa maumivu tu. Mdogo wake, Twalibu, mkulima wa tumbaku Usoke, alikuwa na pumu ile ile, na vidonge vile vile.

Alipoweza kutembea kwa mkongojo, hakumsikiliza Mwanne. Alipanda treni. Alimkuta Twalibu anakuja na robota la tumbaku kichwani.

"Tua!" alimfokea. "Tua mzigo, kesho twende ukapimwe mifupa."

Twalibu akacheka. "Kaka, mwanaume kupimwa mifupa? Kijiji kizima kitanicheka."

"Wakucheke ukiwa umesimama."

Minza, mke wa Twalibu, akatokea jikoni. "Shemeji, majuzi alipiga chafya, akashika ubavu mpaka leo. Alinikataza nisiseme."

Twalibu akainamisha kichwa. Safari hii hakucheka.

Huko Tabora, picha ilionyesha ubavu mmoja umepasuka, na mifupa imeanza kuwa myepesi. Mgongo ulikuwa mzima bado. "Huyu tumemwahi," alisema Masolwa, akamwanzishia dawa siku hiyo hiyo. Mabruki alishusha pumzi ndefu. Urefu wake yeye haukurudi tena, na mbao nzito aliwaachia wengine, lakini mgongo haukuvunjika mara ya pili.

Siku ile ya kupimwa, kwenye benchi la hospitali, Twalibu alitaka wapumzike kidogo. Kaka yake alikuwa amekwisha simama.

"Daktari, kule Usoke wapo wanaume wengine wenye pumu."

"Walete, mzee."

"Watabisha."

"Wewe je, hukubisha?"

Mabruki alimshika Twalibu mkono, wakatoka kuuliza treni ya kurudi Usoke.