Uzi Mwekundu Mbele ya Kiyoyozi

Keki ya kwanza ilifika ukumbini imeinama kama mlevi aliyekosa ukuta. Bibi harusi aliitazama, akaitazama tena, kisha akasema taratibu, "Aliyeileta aiondoe." Maneno hayo yaliuzunguka mtaa mzima kabla krimu haijakauka kwenye kiti cha gari.

Leo mdogo mtu, aliyeioka ile ya kwanza, alikuwa na keki ya pili ya harusi nyingine, ya ghorofa tatu, imetulia kwenye friji ya jirani. Ikiyeyuka na hii, nani tena atamwagiza keki? Na gari lilikuwa lile lile la baba, na kiyoyozi kile kile kinachopumua kama mgonjwa.

"Dada, tufungue tu madirisha," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Barabara yote ile vumbi, unataka kuwapelekea keki ya krimu au ya mchanga? Hebu tulia."

Dada mtu walimwita Sindano. Alishona vitambaa vya makochi katika karakana ya baba yao, na jambo akilianza haliachi mpaka atokee upande wa pili.

Wiki iliyopita fundi wa magari alijaza gesi, akafunga boneti, akasema kazi imekwisha. Leo Sindano aliwasha gari, akaifungua boneti hiyo mwenyewe na kugusa bomba la kiyoyozi. Lilikuwa baridi, linatoka jasho.

"Gesi ipo," alisema.

Akaingia ndani, akapandisha feni hadi mwisho. Ikanguruma kama mashine ya kusaga. Akachomoa uzi mwekundu kwenye sindano aliyoichomeka kwenye kola ya nguo yake, akauning'iniza mbele ya tundu la hewa. Uzi ulitikisika kidogo, ukalala.

"Baridi ipo, feni inazunguka, ila upepo hautufikii. Kuna kitu kimekaa njiani."

Baba yao alikuwa karakanani, nyundo mkononi, misumari mdomoni. "Gari zee hilo, mama," alisema kwa pembe ya mdomo. "Mzee hakimbii."

"Hakimbii, baba, lakini anapumua."

Sindano akapiga magoti kwenye nafasi ya abiria, akaanza kuing'oa droo ya mbele. Kishikizo kimoja kiligoma, kikamchubua kidole. Akakinyonya kile kidole, akarudi pale pale.

"Dada, harusi haitusubiri!"

"Shika tochi."

Nyuma ya droo kulikuwa na kifuniko chembamba, na ndani yake ndiko linakokaa chujio la hewa, la karatasi. Sindano akaingiza mkono. Alichokigusa hakikuwa karatasi. Vidole vyake vilikitambua kabla ya macho. Akavuta, kikatoka na wingu la vumbi: sponji nene, nyeusi kama sufuria ya kuni, kingo zimenyooka kwa mkato wa mkasi ambao angeujua hata gizani.

Nyundo karakanani ikanyamaza.

"Baba?"

Mzee akatema misumari kiganjani. "Lile karatasi lilikuwa limechakaa. Nikakata sponji safi, daraja la kwanza! Vumbi halipiti pale."

"Kweli halipiti. Na upepo nao haupiti."

Katika nyumba ile meza ikiyumba, dawa ni sponji. Mlango ukigongagonga, sponji. Mdogo mtu alijaribu kununa, akashindwa, akaangua kicheko. "Kikulacho ki nguoni mwako! Chetu kumbe ki drooni!"

"Cheka tu," alisema mzee, "makochi yangu hayajawahi kulalamika."

"Baba," Sindano alimkatiza kwa upole, "duka la vipuri liko hapo kona. Chujio la karatasi, tafadhali. Usije na kingine."

Mzee alikwenda mwenyewe, hatua ndefu, akarudi anahema na boksi dogo kwapani. Sindano akalichomeka chujio, akarudisha droo, akawasha. Uzi mwekundu ukaruka, ukanyooka mbele ya tundu kama bendera.

Wakaibeba keki kama mtoto aliyelala. Mdogo mtu akakaa nyuma, boksi la keki mapajani. Baba akashika usukani. Sindano akaufunga uzi kwenye tundu la hewa, hakuuondolea macho.

Nusu ya njia mzee akaanza kujikunyata. "Mama, punguza kidogo. Meno yananigongana."

Sindano akavua mtandio wake, akamfunika mabegani.

"Vumilia, baba. Tukifika nitazima."

Nyuma mdogo mtu alifunua boksi kidogo, akachungulia. Ghorofa zote tatu zilikuwa wima.