Maneno ni Yao

Wanaosema mimi nina mdomo hawajakosea. Nina mdomo, tena nina blogu, na ukiwa na vyote viwili huna haja ya kutafuta maadui, watakuja wenyewe. Mchana nafundisha sekondari. Jioni, nikishamaliza madaftari ya watoto wa watu, nasoma habari za mji wetu na kuandika ninavyoziona. Utaratibu wangu ni ule ule ninaowafundisha darasani: ukichukua neno la mtu, lifunge kwenye alama za kunukuu, taja umelitoa wapi, chukua kidogo, halafu sema lako. Asiyetaka kunukuliwa asiandike.

Vita yangu na gazeti ilianza soko lilipoungua. Gazeti lenyewe ni la mtandaoni, halina hata karatasi ya kufungia kipande cha sabuni. Asubuhi ile, moshi haujatulia, wakaandika hivi: "Moto huo ulianzia kwenye jiko la mwanamke muuza chai aliyeacha mkaa ukiwaka na kwenda zake. Uzembe wa mtu mmoja umewatia mamia umaskini." Hawakutaja jina. La nini? Sokoni pale mwanamke muuza chai alikuwa mmoja tu, naye ni dada yangu mkubwa, aliyenisomesha kwa chai hiyo hiyo.

Laiti wangeuliza. Siku ile dada hakufungua kabisa. Jiko lake lilikuwa kwa fundi, limetoboka kitako, na yeye mwenyewe alikuwa hospitali na mama. Basi nikanukuu zile sentensi mbili kwenye blogu, nikaweka kiungo cha habari yenyewe, na chini yake nikaeleza yote: jiko lilikuwa wapi, fundi ni nani, dada alikuwa wodi gani. Niliandika kwa hasira na sijutii. Baadaye watu wa zimamoto wakasema chanzo ni nyaya za umeme zilizopita juu ya wauza viatu. Na gazeti likafanya nini? Likaingia kimyakimya, likafuta sentensi zile, likabandika habari ya nyaya pale pale, kichwa kile kile, tarehe ile ile. Hakuna samahani wala "tulikosea". Ukibonyeza kiungo changu leo unafika kwenye habari safi, utadhani imeogeshwa.

Ungefikiri yameisha. Thubutu. Soko likajengwa upya, kamati ya soko ikaanza kugawa meza, dada akanyimwa. Wanakamati walikuwa wameisoma habari ya kwanza kwenye simu zao, na mtu aliyeunguliwa na mali yake harudi kusoma mara ya pili. Mwenyekiti akamwambia gazeti lenyewe likikiri kwamba lilikosea, meza ataipata. Vinginevyo wenzake hawatakubali kukaa jirani na jiko lake. Dada akaenda ofisi za gazeti, akasimama kaunta, akaomba kwa adabu zake zote. Mhariri akatoka, akamwambia gazeti lake halijawahi kuandika kitu kama hicho, na kama anabisha amwonyeshe kiko wapi. Dada akataja blogu yangu. Mhariri akacheka. Akasema hayo katunga mwalimu wa sebuleni.

Dada alirudi akakaa jikoni bila kuvua viatu. Akaniambia sasa sokoni wanasema maneno yale yametoka kwangu, kwamba mimi ndiye niliyemchafua ndugu yangu wa tumbo moja ili nipate wasomaji. Akaniomba niyafute. Alisema kila akiyaona ni kama yanaandikwa upya. Nikakataa. Nikamwambia, dada, pale ndipo mahali pekee yalipobaki. Nikiyafuta, watakuwa hawajasema kabisa. Akaniambia mimi napenda ugomvi kuliko ninavyompenda yeye. Tukanuniana. Yeye akawa anauza chai barazani kwetu, na barazani kwetu hapiti mtu ila jirani, na jirani anakunywa bure.

Halafu akanipigia simu wakili wa gazeti. Watu walikuwa wanazidi kuisoma ile makala yangu, hata watangazaji wa gazeti wakaanza kuuliza maswali, kwa hiyo wakili akaambiwa aizime. Akanieleza kwa upole kwamba nimevunja hakimiliki. Niende ofisini nitie sahihi kukubali kosa na kuiondoa makala, la sivyo atawaandikia wenye mtambo wanaohifadhi blogu yangu waifunge yote. Nikamuuliza, hakimiliki ya nini hasa? Akasema ya sentensi mbili za gazeti.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nilipokata simu nilicheka mpaka dada akaja mbio akidhani nimepata wazimu. Jamani, mtu huibiwa kitu alichokuwa nacho. Mhariri anasema maneno hayapo duniani, wakili wake anasema ni mali yao, na inaonekana hakuna aliyemwambia mwenzake. Sikumweleza dada kilichonichekesha. Uso wake haujui kuficha kitu, tangu utotoni tulipokuwa tukiiba sukari.

Nilimwambia tu kwamba wakili ananiita ofisini, naye akang'ang'ania kuja, ili aniombee radhi. Tukapandishwa ghorofani kwenye chumba chenye meza ndefu, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo. Wakili ni kijana nadhifu, tai imembana shingo. Mhariri amekaa pembeni na simu yake, hatutazami.

Nilianza kwa haki yangu, maana naiamini. Nikasema nimechukua sentensi mbili katika habari nzima, nimewataja, nimeweka kiungo, tena nimezichukua ili nizijibu. Sheria ya hakimiliki haikutungwa ili mtu akutukane hadharani halafu akukataze kurudia alichosema. Sikufungua duka kwa bidhaa yao. Nilichukua kijiko kimoja cha sumu nikaonyesha watu ni sumu. Wakili akatabasamu, akasema kidogo au kingi, mali ni mali. Mhariri, bila kuinua macho, akasema mimi si mwanahabari. Nikamjibu hata yeye siku ile hakuwa.

Wakili akanisukumia karatasi ya kukubali kosa.

"Nitajuaje kwamba sentensi ni zenu?" nikamuuliza. "Mtu yeyote anaweza kusema ni zake."

Hapo nilimgusa penyewe. Akasema ziliandikwa na mwandishi wao, zikatoka kwenye gazeti lao asubuhi ya moto, na kumbukumbu wanazo. Nikamwambia maneno matupu hayavunji mfupa, aandike hayo, atie sahihi na muhuri, ndipo tuzungumze. Dada akageuka kunitazama. "Lakini si walisema..." akaanza, nami nikamkanyaga mguu chini ya meza, tena ule wenye baridi yabisi. Mungu anisamehe.

Mhariri akainua kichwa. "Wakili, hebu subiri kidogo," akasema.

Wakili akamtuliza kwa kiganja, akasema asiwe na wasiwasi, hapa ndipo penye nguvu yao. Akachukua karatasi nyingine, akaandika kwa mwandiko mzuri sana. Akanakili sentensi zote mbili neno kwa neno, akaandika tarehe, akasema ni mali halali ya gazeti, akatia sahihi, akagonga muhuri. Mhariri alikuwa amesimama sasa, lakini muhuri ulikuwa umeshalia.

Nikaichukua karatasi, nikaisoma kwa sauti toka juu hadi chini, ili dada asikie.

"Ahsante," nikasema. "Mimi sijawahi kusema ni zangu, Mungu apishe mbali. Maneno ni yenu. Kuyaondoa, siyaondoi."

Mhariri akamvuta wakili dirishani wakanong'ona. Sikusikia, ila niliona shingo ya kijana wa watu ikigeuka rangi juu ya ile tai. Waliporudi mhariri alikuwa mtu mwingine, ananiita mwalimu, anatuuliza kama tutakunywa maji. Akatupa mpango wake: tumrudishie karatasi, niifute makala, naye atamwandikia mwenyekiti wa kamati barua ya siri, dada apate meza yake. Kila mtu ataenda nyumbani na heshima yake, na kwenye gazeti halitaonekana neno.

Hapo niliogopa kweli. Meza ndiyo dada aliyoilia. Kufutwa kwa maneno ndiko alikoniomba. Vyote alivyotaka vilikuwa pale mezani, na aliyechafuliwa ni yeye, si mimi. Angesema ndiyo ningeitoa ile karatasi, na ningekufa na donge langu. Nikamsogezea dada karatasi, aamue yeye.

Dada akaikunja taratibu, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Mhariri," akasema, "siku ile nilipokuomba pale kaunta, ulikuwa unajua?"

Mhariri akaanza kusema mambo ya presha ya kazi. Dada akamngoja amalize.

"Ulikuwa unajua. Basi andika pale pale ulipoandika mwanzo, kwamba mlinisingizia. Kamati nitaipelekea hii mwenyewe. Na blogu ya mdogo wangu usiiguse."

Akainuka, akachechemea kwenda mlangoni kwa sababu ya mguu nilioukanyaga. Nikamfuata, nikampa bega langu aegemee kwenye ngazi.

Mwenyekiti aliisoma karatasi mara mbili, akaugusa muhuri kwa kidole, akaita wenzake. Dada amepata meza karibu na lango. Gazeti nalo liliandika masahihisho, mafupi, kwa shingo upande, lakini yako pale pale juu ya habari. Wenye mtambo hawajaandikiwa na mtu.

Jioni moja tukifunga meza, dada akaniomba simu, akaifungua ile makala, akasoma sentensi zile mbili polepole, mdomo ukicheza. Nikamwambia sentensi hizo sasa zimemaliza kazi, akitaka nazifuta hapo hapo mbele yake, tena kwa moyo mweupe.

Akanirudishia simu. "Yaache," akasema. "Mimi nimeyabeba vya kutosha. Sasa wayabebe wenyewe."