Mlio Uliomwamsha Mama Mkwe

Dereva alijua fika kwamba kile kinachogongagonga alfajiri akiwasha lori lake kuukuu ni cheni ya taimingi ndani ya injini. Ila injini ikishapata moto ilinyamaza, naye akajipa moyo: mzee ana haki ya kukohoa.

Mama mkwe wake, aliyelala chumba cha uani, kila alfajiri alifungua dirisha akamwambia, "Nenda urudi, baba." Siku moja akaongeza, "Zamani gari lako lilikohoa mara moja likanyamaza. Siku hizi nafika dirishani bado linakohoa. Lipeleke kwa fundi."

Angekuwa mkewe, angebishana naye. Kwa mkwe aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, mama," akaenda amenuna.

Fundi alipofungua injini, cheni ilikuwa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na meno ya gia yake yamelika.

"Mlio ukianza kurefuka, usingoje," alisema. "Hii ingekatika mlimani, na mzigo mgongoni. Nani kakwambia uilete?"

"Mkwe wangu," dereva akajibu. Akakaa juu ya tairi.

Alfajiri baada ya matengenezo, lori liliwaka likatulia tuli. Akangoja dirisha lifunguliwe. Halikufunguliwa. Kumbe ule mlio ndio uliokuwa ukimwamsha mama wa watu.

Akashuka, akagonga dirisha taratibu.

"Mama, naondoka."